Tanga ilikuwa ya pili baada ya Dar. Watu walikwenda wapi?

#1 Kijana wa Barabara ya 12
Wakuu salaam. Nimerudi kutoka Tanga juzi, nilikwenda kwenye hitma ya babu. Jioni moja nikaazima baiskeli ya binamu nikazunguka kuanzia Ngamiani mpaka kule viwandani. Nilichokiona kimeninyima usingizi. Mageti yamefungwa kwa minyororo yenye kutu, mipapai imeota ndani ya maghala hadi imetoboa paa. Kwenye kiwanda kimoja mlinzi kafuga mbuzi. Nikamuuliza mbuzi wa nani hawa, akasema "wa mshahara". Ndiyo wanaomlipa.

Babu alikuwa akitwambia zamani ukishaitaja Dar, mji unaofuata ni Tanga, si Mwanza wala Arusha. Leo hata kwenye tano bora sijui kama tumo. Hoja yangu: Tanga imehamwa. Watu wamepungua, nyumba zimebaki na wazee na popo. Walikwenda wapi, na kifanyike nini warudi? Wenye data wamwage.

#2 Mchagga Mstaafu
Walikuja Arusha. Tunawapangisha vyumba, wanalipa vizuri, hawana kelele.

#3 Binti Makorora
#2 na nyie mkitaka kupumua mnakuja kulala Raskazone, hatuwasemi. Acha watu wajadili.

#4 Mtu wa Takwimu
Mleta uzi, mbuzi nimewapenda, hoja siyo. Tanga haijapungua watu. Sensa ya 2012 Jiji la Tanga lilikuwa na watu 273,332. Sensa ya 2022 ni 393,429. Hilo ni ongezeko la asilimia 44 ndani ya miaka kumi, wakati nchi nzima iliongezeka kama asilimia 37. Kwa hiyo Tanga imekua haraka kuliko wastani wa taifa. Babu yako naye hakukosea: sensa ya 1967 Tanga ilikuwa na watu kama elfu 61, Mwanza elfu 35, Arusha elfu 32. Kilichotokea ni kwamba wenzetu walikimbia sisi tukitembea. Leo Mwanza, Dodoma, Arusha, Mbeya, hata Morogoro zimetupita.

Kupitwa siyo kupungua. Badilisha kichwa cha uzi.

#5 Kijana wa Barabara ya 12
#4 asante, kwa namba nimesalimu amri. Lakini kichwa sibadilishi. Ile mitaa niliyopita mchana kweupe unasikia kandambili zako mwenyewe. Hao 393 elfu walikuwa wamejificha wapi?

#6 Mzee wa Raskazone
Wanangu, niingie. #4 yuko sahihi kwa karatasi, #5 yuko sahihi kwa macho. Jiji la Tanga la leo siyo mji wa Tanga tulioujua. Ndani ya mipaka ya jiji kuna Kirare, Tongoni, Marungu, Mabokweni. Huko watu wanalima mihogo na kuvua, ukimwambia ni mtu wa jiji anacheka. Halafu watu wamejenga Pongwe, Kange na huko nje, kati kumebaki pweke. Mji unaweza kuongezeka watu na wakati huohuo ukapwaya katikati, kama shati la mtu aliyeugua.

Mimi niliingia kiwandani 1974. Zamu tatu: saa moja asubuhi, saa tisa alasiri, saa tano usiku. King'ora kikilia, mtaa mzima wanajua saa bila kutazama ukutani. Zamu ya usiku ikitoka, barabara inafurika baiskeli, kengele zinalia kama harusi, na akina mama wa vitumbua wameshawasha moto. Mama mmoja alikuwa akiuza beseni mbili kila asubuhi geti moja tu. Kiwanda kilipofungwa alihamia stendi, akawa anauza nusu beseni. Sensa itamhesabu mtu mmoja, kama zamani.

#7 Mtu wa Takwimu
#6 mzee shikamoo. Hilo la mipaka ni kweli, nilipaswa kulisema mwenyewe. Kulinganisha elfu 61 za 1967 na 393 elfu za 2022 ni kulinganisha eneo na eneo jingine. Lakini 2012 na 2022 zinalinganishika, na hapo hakuna kuhamwa.

#8 Kamanda Mkonge
Mnazunguka tu. Tanga ilijengwa na mkonge na iliuawa na mkonge. Hindorf, yule Mjerumani, alileta miche 1,000 mwaka 1893, ikafika hai 62. Sitini na mbili! Kutoka hapo mpaka 1964 nchi ilikuwa inatoa tani zipatazo 230,000 kwa mwaka, ya kwanza duniani. Bandari, reli, karakana, mabenki, hata klabu za wazungu pale ufukweni, vyote vilikula kwenye kamba. Ikaja nailoni, bei ikaanguka, hadithi ikaisha.

#9 Fundi Kamba
#8 siyo nailoni, ni polipropilini. Nimeuza kamba miaka 19, ile ya kufungia majani makavu Ulaya na Marekani ndiyo ilikuwa soko letu kubwa, na ndiyo iliyoporwa na plastiki. Mengine umesema kweli. Siku hizi watu wanaanza kuogopa plastiki na mkonge unaulizwa tena, ila usitegemee utarudisha zamu tatu.

#10 Mbondei Halisi
Na mashamba ya mkonge hayapo Tanga mjini, yapo Muheza, Korogwe na kwingineko. Ngomeni, Magunga, Mazinde. Manamba waliletwa kutoka Kigoma, Ubena, Umakonde, mpaka Ruanda-Urundi, na ile ofisi ya kuwaandikisha, SILABU. Mashamba yalipokufa watu hawakuondoka, walibaki palepale kambini na watoto wao. Bibi yangu mzaa baba ni Muha, hajawahi kuiona Kigoma tangu alipoletwa mgongoni. Mkitafuta waliohama msiwatafute kwa manamba.

#11 Soko Huria
Tuache kuzunguka mbuyu. 1967 Azimio la Arusha, serikali ikachukua mashamba na viwanda, ikaweka mameneja waliojua kupiga makofi kuliko kutengeneza mashine. Kiwanda cha mbolea mnakikumbuka? Kilianza 1972, malighafi karibu zote zinatoka nje kwa fedha za kigeni ambazo nchi haina. Mwanzoni mwa miaka ya 90 kikafungwa. Hiyo ni biashara au maonyesho ya Sabasaba?

#12 Mjamaa Asiyechoka
#11 tarehe zako zinakusuta. Bei ya mkonge ilishaanguka kabla ya Azimio, 1965 na 1966 wenye mashamba wanalia. Serikali ilinunua ng'ombe anayekata roho. Na hivyo viwanda unavyovicheka, cha mbolea, cha chuma, vilijengwa Tanga na serikali hiyohiyo ili mji usife na mkonge. Viliuawa miaka ya 90, na ubinafsishaji. Mtu ananunua kiwanda, anang'oa mashine, anauza chuma chakavu, anabaki na kiwanja. Huo ndio ufundi wa soko lenu.

#13 Soko Huria
Ng'ombe anayekata roho hununuliwi na mwenye akili. Umenisaidia.

#14 Mjamaa Asiyechoka
"Hununuliwi" ndiyo Kiswahili gani? Ng'ombe hanunuliwi. Rudi darasa la nne kabla ya kurudi kwenye uchumi.

#15 Mtoto wa Stesheni
Mkigombana reli inawapita. Baba yangu alikuwa mpiga filimbi, garidi wa treni. Zamani mzigo wa Moshi na Arusha ulikuwa na njia mbili, kushuka Tanga au kupitia Kahe kwenda Voi hadi Mombasa. 1963 wakaunganisha Ruvu na Mnyusi, reli yetu ikashikana na reli ya kati. Tukashangilia. Tulichoshangilia ni kwamba kuanzia siku ile kahawa ya Moshi ingeweza kwenda Dar bila kuigusa Tanga.

Barabara nayo ni hivyohivyo. Basi la Dar–Arusha linapita Segera. Kutoka Segera kuja mjini ni kilomita 70 na ushee, hakuna anayekata kona bila sababu. Na treni ya abiria iliyorudishwa Desemba 2019 ilianza kwenda Moshi, sisi tukawa tunaisikia honi kwa jirani. Mji umebaki kama chumba cha uani: mzuri, una upepo, lakini mgeni hapitii huko.

#16 Ami Horohoro
#15 umesahau 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mpaka na Kenya ukafungwa hadi 1983. Tanga na Mombasa ni mtu na dada yake. Sisi Wadigo tuna shangazi kila upande. Vitenge, nazi, samaki wakavu, vipuri, vyote vilikuwa vinapita. Miaka sita ukiziba mshipa, mkono unapooza hata ukija kufungua. Baba aliuza lori, akaenda Muscat kwa mjomba. Huyo mmoja aliyehama, mleta uzi, mwandike.

#17 Michigan Baridi
Habari za huko wakuu. Nipo Michigan, Marekani, mwaka wa 16 sasa, niliwahi kupanga Detroit, mji wa viwanda vya magari, na nikafanya kazi ghala moja pale. Nimeona mtu kwingine anaiita Tanga "Detroit yetu", nikasema nije niseme kuhama kwa watu kulivyo.

Detroit mwaka 1950 ilikuwa na watu 1,849,568. Sensa ya 2020: 639,111. Huko ndiko kupungua. Yaani katika kila watu watatu wawili hawapo. Jiji lina kilomita za mraba kama 360, mabomba ya maji, nyaya, barabara na zimamoto vilipimwa kwa watu karibu milioni mbili, na bomba halipungui urefu kwa sababu jirani amehama. Waliobaki, wengi wao maskini, ndio wanalipia lote. Julai 2013 jiji likatangaza kufilisika, madeni kama dola bilioni 18. Mwaka ule taa za barabarani karibu asilimia 40 haziwaki. Niliishi mtaa ambao mshumaa ulikuwa taasisi.

Na msidhani watu waliikimbia Michigan. Mji wote na vitongoji vyake bado una watu zaidi ya milioni nne. Walivuka barabara inaitwa Eight Mile, ndiyo mpaka wa jiji, wakaenda na kodi zao. Viwanda vyenyewe vilianza kujengwa nje ya jiji mara baada ya vita, kabla Mjapani hajauza gari hata moja. Serikali ilidhamini mikopo ya nyumba, lakini siyo kwenye mitaa ya Weusi. Karibu na hiyo Eight Mile upo ukuta wa saruji, kimo cha mtu, urefu kama mita 800, ulijengwa 1941 na mwenye mradi wa nyumba ili kutenganisha Weusi na Weupe, bila huo hapati dhamana ya mkopo. Bado upo. Siku hizi umechorwa picha za rangi, watoto wanadunda mpira hapo. Nimewahi kuuegemea nikisubiri lifti, nilikuwa sijui ni nini.

#18 Mchagga Mstaafu
#17 lakini si kulikuwa na fujo, wakachoma mji?

#19 Michigan Baridi
#18 ndiyo, Julai 1967, walikufa watu 43. Ukiuliza mzungu wa umri fulani atakwambia fujo ndiyo ilifukuza watu. Ukiuliza mzee Mweusi atakwambia walikuwa wameshaanza kuondoka miaka kumi na tano kabla. Sensa inampa haki mzee Mweusi: hesabu ya 1960 ilishashuka kwenye milioni 1.67. Ila baada ya 1967 walikimbia, hawakutembea tena.

#20 Kijana wa Barabara ya 12
Kwa hiyo wao walifanya nini? Hapo ndipo ninapotaka tufike.

#21 Michigan Baridi
Mengi, na mengine yanapingana. Wamebomoa nyumba tupu, tangu 2014 zaidi ya 20,000. Kuna benki ya ardhi ya jiji, ukiwa na kiwanja kitupu jirani yako unauziwa kwa dola 100, ukifyeka majani ni chako. Jirani yangu mmoja alichukua viwili akapanda sukumawiki na mahindi, nikamfundisha kisamvu hakukipenda. Stesheni kubwa ya treni iliyofungwa 1988 ilinunuliwa na Ford 2018, ikafunguliwa tena 2024, inang'aa. Makadirio ya 2023 yakaonyesha watu wameongezeka kidogo, mara ya kwanza tangu 1957, wakapiga sherehe.

Wengine wanasema ni katikati ya mji tu panapong'aa, mitaani watu walinyang'anywa nyumba kwa kodi zilizokadiriwa kupita kiasi. Nami nimeyaona yote mawili kwa safari moja ya basi.

Ila ukiniuliza mimi, tazama Hamtramck. Ni kamji kadogo kamezungukwa karibu kote na Detroit kama kisiwa. 2010 walikuwa elfu 22, 2020 wakawa elfu 28. Wayemeni na Wabangladeshi. Hawakusubiri mpango, walinunua nyumba za bei ya chini, wakafungua maduka, wakaita ndugu.

#22 Mtu wa Takwimu
Kuna na Youngstown, Ohio, mji wa chuma. Septemba 1977 kiwanda kikubwa kilitangaza kufunga, maelfu wakapoteza kazi kwa tangazo la siku moja. Kutoka watu elfu 170 mwaka 1930 hadi elfu 60 mwaka 2020. Wao waliandika mpango wakakubali rasmi: sisi ni mji mdogo, tupange kama mji mdogo. Ni jambo la ujasiri kusema, kutekeleza ni shughuli nyingine, maana lazima umwambie mtu "mtaa wako hatuupelekei lami".

#23 Mjamaa Asiyechoka
Mwambie hivyo diwani wa Makorora uone.

#24 Binti Makorora
Nimewasoma wote nikipika. Sasa nami.

Hayo ya kubomoa na kuuza kwa dola mia hayawezekani kwetu, na sababu haisemwi na wachumi. Nyumba yetu baba aliijenga 1978 kwa mshahara wa kiwanda. Vyumba sita, ua, mwembe. Alipunguzwa kazini miaka ya 90, kiinua mgongo akakipata robo, robo tatu akazikwa nazo. Sasa nyumba ni ya warithi saba. Mmoja yupo Mbagala, wawili Arusha (#2 usijichekeshe), mmoja Mombasa, mmoja Muscat, mmoja marehemu ana watoto wanne ambao hawaongei na mama zao wadogo. Mimi ndiye niliyebaki na mama.

Bati la chumba cha mbele linavuja tangu mvua za mwaka juzi. Nikitaka kuezeka, kaka wa Arusha anasema tuuze. Wa Mbagala anasema nyumba ya baba haiuzwi. Wa Muscat anasema atatuma, anatuma voisi ya dakika sita. Nimeweka beseni la bluu chini ya tundu. Likijaa namwagia mchicha. Mpita njia akiona dirisha limepigwa mbao anasema Tanga imehamwa. Haijahamwa, tumo ndani tunasubiri kikao cha familia.

Mlango wa nne, wa saba, wa tisa mtaani kwetu ni hivyohivyo. Msimamizi wa mirathi ama kafariki ama kagombana.

#25 Kijana wa Barabara ya 12
#24 umenigusa, maana hitma ya babu iliishia hapohapo. Ubwabwa ulipoisha tu kikaanza kikao, na kikao ndicho kilichonifanya niazime baiskeli.

#26 Mwana wa Kiira
Mimi ni Mganda, Kiswahili changu mnivumilie. Jinja yetu ilikuwa na viwanda kabla ya wengi, bwawa la Owen Falls lilifunguliwa 1954, umeme upo mlangoni, nguo zinafumwa. 1972 Amin akafukuza Wahindi. Manispaa ya Jinja ilikuwa na watu kama elfu 71 sensa ya 2002, na 2014 ilikuwa bado elfu sabini na kitu. Miaka kumi na mbili katika nchi ambayo watu wanazaana kama sisi! Baadaye mipaka ikapanuliwa, ikawa jiji, watu "wakaongezeka". Mzee wa Raskazone anajua ujanja huo.

#27 Mzee wa Raskazone
Anaujua. Karibu kijana, Kiswahili chako ni kizuri kuliko cha Soko Huria.

#28 Soko Huria
Ilikuwa simu!

#29 Mtoto wa Stesheni
Tuje kwenye dawa. Bandari imechimbwa, meli sasa zinafunga gatini. Miaka yote ilikuwa zinatia nanga mbali, mzigo unashushwa kwa matishari, kazi ya siku mbili inakuwa wiki. Barabara ya Bagamoyo–Pangani–Tanga ikikamilika, Segera siyo kisingizio tena. Na bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia hapa kwetu Chongoleani.

#30 Fundi Kamba
Bomba likishajengwa linahitaji watu wangapi? Mafuta yanatembea yenyewe. Kiwanda cha kamba kilichoajiri mia nne kilikuwa kinalisha vitumbua beseni mbili, bomba litalisha mlinzi na mbuzi wake. Mimi ningeanza na mkonge wa kusindika hapahapa, magunia, mazulia, hata kama ni wa watu sitini kwa kila kiwanda.

#31 Ami Horohoro
Mimi ningeanza na mpaka. Fungueni soko Horohoro saa 24 mwone.

#32 Mtu wa Takwimu
Na mimi ningeanza na baraza la ardhi na mirathi, baada ya #24. Sikuwahi kulifikiria kama suala la idadi ya watu.

#33 Mchagga Mstaafu
Nyote mnasahau kwamba watu wa Tanga wenyewe hawapendi kazi, wanapenda kahawa, kashata na mahaba.

#34 Mbondei Halisi
#33 sasa hao wapangaji wako wa Arusha wanaolipa vizuri bila kelele wanapata wapi pesa, kwenye mahaba?

#35 Mchagga Mstaafu
😂 Nimekubali. Hiyo imeingia.

#36 Welda Mgeni
Nimepita tu wakuu, natokea Shinyanga. Nimepata kibarua cha kuchomelea Chongoleani, mkataba wa miezi minane. #24 dada, hicho chumba cha mbele unapangisha?

#37 Binti Makorora
Kinavuja, nimeshasema. Kuna cha uani, choo cha nje, LUKU yako peke yako. Njoo PM. Na kama unajua kupanda juu ya bati, tutazungumza bei.

#38 Mlinzi wa Zamu
Nimesoma kichwa cha uzi tu. Jibu ni bandari. Mbona hakuna aliyeitaja bandari?